Hati ya Mshahara: Sheria Ipo, Usimamizi Haujafika Nachingwea na Ruangwa

Hati ya mshahara ni maandishi ambayo mwajiri humpa mfanyakazi kila anapomlipa, yakionyesha alichostahili, kilichokatwa, sababu ya kila kato na kiasi kilichobaki. Tanzania Bara, kutoa maandishi hayo si hisani ya mwajiri mwema. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinaagiza kila malipo ya ujira yaambatane na maelezo ya maandishi yaliyo katika fomu iliyowekwa na kanuni. Mwajiri akilipa taslimu au kwa hundi, maelezo hayo hutolewa pamoja na fedha, ndani ya bahasha iliyofungwa. Akilipa kupitia akaunti ya benki, mfanyakazi bado hupewa maelezo yake kwenye bahasha. Sheria hiyohiyo inataka mshahara ulipwe siku ya malipo iliyokubaliwa, wakati wa saa za kazi na mahali pa kazi. Inataka pia ulipwe taslimu, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe amekubali njia nyingine.

Mambo hayo yanaonekana madogo. Lakini karibu kila mgogoro wa mshahara unaofika mbele ya msuluhishi hurudi kwenye swali moja: nani ana karatasi? Mlinzi anayedai saa za ziada, mwalimu wa shule binafsi anayedai michango yake ya hifadhi ya jamii, muuza mafuta aliyekatwa fedha za upotevu, wote hutakiwa waonyeshe walikuwa wakilipwa kiasi gani na kwa hesabu ipi. Mwenye hati za miezi sita hujibu kwa dakika chache, na asiye nazo hubaki akisimulia.

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zinafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa kazi za ujira za huko ni za aina nyingi na karibu zote ziko mbali na macho ya wakaguzi. Kuna watumishi wa halmashauri, walimu na wauguzi wa serikali. Kuna maduka, vituo vya mafuta, nyumba za wageni, shule binafsi na kampuni za ulinzi. Kila mwaka kuanzia Oktoba, msimu wa korosho huvuta vibarua kwenye maghala: wapakuaji, wapimaji, wapangaji wa magunia, walinzi wa usiku. Ufuta na mbaazi huleta msimu wao. Ruangwa kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu na vito, na katika miaka ya karibuni madini ya kinywe yameingiza kampuni kubwa pamoja na wakandarasi wao wa ujenzi, usafiri, chakula na ulinzi. Barabara nazo, kama ile ya Nanganga hadi Ruangwa, zimeajiri watu kwa mikataba mifupifupi chini ya wakandarasi.

Ajira ya ujira si ngeni katika eneo hili. Mji wa Nachingwea wenyewe ulikua kutokana na Mpango wa Karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, ulioleta maelfu ya vibarua, matrekta na reli ya kutoka pwani. Mpango ulivunjika mwaka 1951, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi, kumbukumbu ya kazi wakati wa ukoloni ilikuwa kadi iliyoitwa kipande. Ilikuwa na nafasi 30, na kila siku ya kazi iliyokubaliwa na msimamizi iliwekewa alama. Ujira ulilipwa nafasi zote zilipojaa, hata kama zilichukua wiki sita kujaa. Msimamizi aliyesema kazi ya leo haijakamilika aliacha nafasi wazi, na siku hiyo ikapotea. Kadi ile ilimsaidia mwenye shamba kumhesabu mtu. Haikumwezesha mtu kuhesabu haki yake, na hapo ndipo ilipotofautiana na hati ya mshahara.

Mabadiliko yalitoka pande mbili. Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 95 wa kulinda ujira, unaotaka mfanyakazi aelezwe mchanganuo wa malipo yake kwa njia anayoielewa. Tanganyika iliuridhia Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru. Nyumbani, sheria za ajira za kikoloni zilirekebishwa mara kadhaa hadi zilipofutwa na sheria mbili za 2004: hiyo ya Ajira na Mahusiano Kazini, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huohuo. Ya kwanza inaeleza haki. Ya pili inawataja watu wa kuzisimamia: Kamishna wa Kazi, maafisa kazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi.

Thamani ya hati huonekana inapojazwa. Mfano ni mpimaji wa ghala mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 300,000 kwa mwezi, aliyefanya saa 20 za ziada wakati wa mnada wa korosho. Sheria inaweka wiki ya kazi isiyozidi saa 45, na mshahara wa mwezi hugeuzwa kuwa wa wiki kwa kugawanya kwa 4.333. Hivyo mwezi mmoja una takriban saa 195, na saa moja ya mfanyakazi huyu ina thamani ya shilingi 1,538. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 2,308 kwa kukaribisha, na saa 20 zinampa shilingi 46,154. Jumla ya mapato yake ni 346,154. Kutoka hapo hukatwa asilimia 10 ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ambayo ni 34,615. Kinachobaki, 311,539, ndicho kinachotozwa kodi ya mapato: shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi, na sehemu iliyozidi inatozwa asilimia 8, yaani 3,323. Mkononi anapokea 308,216.

Mfanyakazi huyo akitumiwa ujumbe wa simu unaosema tu kwamba amepokea shilingi 270,000, hana namna ya kujua nini kimetokea. Huenda saa za ziada hazikuhesabiwa kabisa: mshahara wa msingi ukatwe 30,000 za NSSF, na kwenye 270,000 zinazobaki hakuna kodi. Hesabu inakaa sawa. Huenda pia zimehesabiwa, kisha kitu kingine kimekatwa ambacho hakutajiwa. Ujumbe wa benki au wa mtandao wa simu unathibitisha kwamba fedha zimefika, lakini hauelezi zimetokana na nini. Ndiyo maana kumlipa mtu kwa simu hakumwondolei mwajiri wajibu wa kutoa hati. Anaweza kuituma kwa njia ya kielektroniki, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za aina hiyo kuwa maandishi, lakini mchanganuo lazima uwemo.

Mstari wa hifadhi ya jamii ndio unaoficha hasara kubwa kuliko yote. Mwajiri wa sekta binafsi hupeleka NSSF asilimia 20 ya mshahara, na sehemu anayoruhusiwa kumkata mfanyakazi haizidi nusu yake. Mwajiri anaweza kukata kila mwezi na asipeleke. Mfanyakazi hugundua siku anapoacha kazi, anapojifungua na kufuata fao la uzazi, au anapozeeka. Hati ya mshahara inayoonyesha kato, ikiwekwa kando ya taarifa ya michango ambayo mwanachama anaweza kuiomba NSSF, inafichua pengo mapema, miezi michache tangu lianze. Bila hati, mwajiri anaweza hata kukana kwamba aliwahi kumkata mtu huyo. Kuna gharama nyingine ambazo hazitakiwi kabisa kuonekana kwenye makato, kwa mfano mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Hizo ni za mwajiri peke yake. Zikionekana zimetolewa kwenye mshahara, hapo hapana ubishi kwamba sheria imevunjwa.

Makato ya lazima kama kodi huleta ugomvi mdogo. Maumivu ya kweli yapo kwenye makato ambayo mwajiri huyabuni mwenyewe, na katika miji midogo ndiyo mengi. Kwenye vituo vya mafuta na madukani fedha zikipungua mwisho wa zamu huitwa shoti, na shoti hukatwa kwenye mshahara bila maneno. Mlinzi hukatwa sare. Mhudumu wa nyumba ya wageni hukatwa shuka lililopotea na glasi iliyovunjika. Kifungu cha 28 hakiruhusu mambo kwenda hivyo. Kato lolote lisilotokana na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi linahitaji kibali cha mfanyakazi kwa maandishi, nalo liwe kwa ajili ya deni. Likiwa ni fidia ya hasara, masharti yanakaza zaidi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na hesabu ilivyofanywa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato ya aina hiyo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha.

Robo hiyo inastahili kukaziwa. Muuza mafuta anayelipwa 200,000 hawezi kukatwa zaidi ya 50,000 kwa sababu ya shoti, hata kama amekubali kosa na kusaini karatasi. Lakini kikomo cha robo kinalindwa na karatasi inayoonyesha kato. Mwajiri anapolipa kwa bahasha isiyo na maandishi au kwa ujumbe wa simu, kikomo kinabaki kitabuni, na mfanyakazi anaishia kujua tu kwamba mwezi huu fedha ni chache.

Kifungu hicho kinakataza pia jambo ambalo ni la kawaida kuliko inavyokubaliwa: kumtaka mfanyakazi akiri kupokea fedha nyingi kuliko alizopokea. Mwalimu wa shule binafsi huwekewa mbele daftari la malipo lenye kiwango kinachotosheleza kima cha chini, akasaini, kisha akapewa pungufu. Daftari la namna hiyo ni ushahidi wa uongo uliotengenezwa kwa ajili ya mkaguzi, na anayelazimishwa kulisaini ndiye anayeibiwa. Hati inayobaki mikononi mwa mfanyakazi, siyo ofisini kwa mwajiri, hufanya udanganyifu huo kuwa mgumu, kwa kuwa kiasi kilichoandikwa kinaweza kulinganishwa na kilichoingia benki au kwenye simu.

Kima cha chini chenyewe hakisimamiwi bila hati. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa sekta ya kilimo. Oktoba 2025 serikali ilitangaza nyongeza ya wastani wa asilimia 33.4 kwa sekta binafsi kuanzia Januari 2026. Nyongeza kama hiyo ikitangazwa redioni, kila mtu huisikia. Kujua kama imefika kwa mlinzi wa ghala la Nachingwea kunahitaji kuona mstari wa mshahara wa msingi kwenye hati ya Desemba na wa Januari. Mwajiri anaweza kupandisha msingi huku akifuta posho, au akaacha jumla ileile na kuongeza saa za kazi. Mchanganuo ndio unaoyaonyesha hayo.

Swali linaloulizwa sana kwenye maghala na machimboni ni kama kibarua naye ana haki ya hati. Kenya ilijibu kwa kumwacha nje: kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai taarifa ya mchanganuo wa malipo, lakini hakimhusu kibarua wala anayelipwa kwa kiasi cha kazi. Sheria ya Tanzania haikuweka ubaguzi huo katika kifungu cha 27. Aidha, Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kila mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mpakuaji aliyefanya kazi kwenye ghala moja tangu Oktoba hadi Desemba amevuka kipimo hicho cha saa mapema sana. Kumwita kibarua hakumwondoi kwenye ulinzi wa sheria. Uingereza ilifika huko kwa kuchelewa: tangu tarehe 6 Aprili 2019 hati ya mchanganuo ni haki ya kila mfanyakazi, hata asiyehesabiwa kuwa mwajiriwa kamili, na saa zake lazima ziandikwe pale malipo yanapobadilika kulingana na saa.

Watumishi wa umma wa wilaya hizi mbili wako katika hali tofauti. Hati zao hutolewa kwa mfumo wa serikali wa mtandaoni, na mwalimu wa Mnero au Mandawa mwenye simu na mtandao huweza kuiona ya kwake. Humo mna makato ya asilimia 5 ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, bima ya afya, chama cha wafanyakazi, marejesho ya Bodi ya Mikopo kwa waliosomeshwa kwa mkopo, pamoja na mikopo ya benki. Wana malalamiko yao, hasa makato ya vyama na ya mikopo iliyokwisha, lakini angalau wanayaona na wanaweza kuyalalamikia kwa kuyataja. Hali hiyo inaonyesha kwamba umbali wa Lindi si sababu ya mtu kukosa hati.

Kuna ushahidi mwingine wa karibu zaidi. Mkulima wa korosho anayeuza kupitia chama chake cha msingi chini ya chama kikuu cha RUNALI, kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuliza bei ya mnada na huuliza makato ya kila kilo. Mikutano ya vyama vya msingi huchemka kwa sababu ya shilingi chache za makato, na viongozi hubanwa wazitolee maelezo. Utamaduni wa kudai mchanganuo, basi, upo. Kinachokosekana ni kuuhamishia kwenye mshahara, mahali ambapo mtu mmoja anasimama peke yake mbele ya anayemlipa na anaogopa kupoteza kibarua.

Woga huo ndio unaofanya usimamizi wa serikali usiweze kuachiwa mfanyakazi peke yake. Sheria ya Taasisi za Kazi inampa afisa kazi mamlaka mapana. Anaweza kuingia mahali pa kazi wakati wowote unaofaa bila hati ya mahakama na bila kutoa taarifa, akahoji watu, akadai vitabu na kumbukumbu, akachukua nakala. Akiona sheria imekiukwa, anaweza kutoa amri tekelezi inayomtaka mwajiri arekebishe ndani ya muda uliotajwa. Nakala ya amri hiyo lazima ibandikwe mahali ambapo wafanyakazi wanaohusika wataiona. Mwajiri asiyekubaliana nayo anapeleka pingamizi kwa Kamishna wa Kazi. Asiyepinga wala kutekeleza, Kamishna anaweza kuiomba Mahakama ya Kazi imlazimishe. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliongeza uwezo wa kutoza faini papo kwa papo, ili makosa madogo yasisubiri mashtaka.

Kwa afisa kazi, hati za mshahara ni sehemu rahisi kuliko zote ya ukaguzi. Kuchunguza kama mtu ananyanyaswa kunataka mashahidi, na kuchunguza usalama wa shimo la mgodi kunataka utaalamu. Kuuliza hati za miezi mitatu ni kazi ya nusu saa. Mwajiri hawezi kusema amezitupa, kwa kuwa sheria inamtaka atunze kumbukumbu za ujira kwa miaka mitano. Akikosa nakala, hilo peke yake ni dalili kwamba hazikutolewa, na afisa ana sababu ya kutosha ya kuandika amri tekelezi kabla hajaondoka. Ukaguzi wa aina hiyo ukipangwa mwanzoni mwa msimu wa korosho, kabla vibarua hawajatawanyika Januari, ungewafikia watu wengi kwa safari chache. Ukifanyika Aprili, mkaguzi atakuta maghala matupu.

Ofisi ya kazi, hata hivyo, ni ya mkoa, iliyoko Lindi mjini, na maafisa wake wana wilaya zote za kuzunguka. Mfanyakazi wa Ruangwa anayetaka kulalamika ana nauli ya kwenda na kurudi, na siku ya kazi anayoipoteza. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, gharama hiyo inatosha kumnyamazisha. Vyama vya wafanyakazi vinaweza kuziba pengo hilo: TPAWU kwa wa mashambani na kilimo, TUICO kwa wa viwanda na biashara, TAMICO kwa wa migodini na ujenzi, CHODAWU kwa wa hotelini na majumbani. Sheria inaviruhusu kuingia mahali pa kazi kuwaona wanachama, na afisa kazi anapotoa amri tekelezi anatakiwa kukipa nakala chama chenye wanachama walioguswa. Kwenye kampuni kubwa za Ruangwa hilo linawezekana bila shida. Kwenye duka lenye wasaidizi watatu, chama hakifiki.

Njia ya pili ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mfanyakazi hujaza fomu ya malalamiko bila kulipa ada, na nakala humfikia mwajiri. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ikiwemo ya mishahara na makato, hupelekwa ndani ya siku 60 tangu ilipozuka. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda kwa kueleza sababu za msingi. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambao sheria inaupa siku 30, na ukishindikana mgogoro huenda kwa mwamuzi au mahakamani. Mtumishi wa umma hutakiwa kumaliza kwanza ngazi za ndani za utumishi kabla ya kufika huko.

Siku hizo 60 ni kikwazo kikubwa kwa asiye na hati. Mtu aliyekatwa bila kuambiwa hujua amekatwa baada ya mwaka, pengine siku anapoachishwa. Madai ya miezi ya nyuma hapo huanza kwa kubishania muda kabla hayajazungumzwa yenyewe. Anayepewa hati kila mwezi anaona kato mwezi uleule, na saa yake ya kudai inaanza akiwa bado na nafasi.

Sheria imempa mfanyakazi kinga moja kwenye ushahidi. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi yake, yakiwemo kiwango cha ujira na namna unavyokokotolewa, isipokuwa mtu anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Mwajiri akishindwa kuyaleta kwenye shauri, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Kwa hiyo mwajiri anayekwepa karatasi hajilindi. Anajivua silaha yake mwenyewe, kwa kuwa siku ya shauri hatakuwa na la kuonyesha dhidi ya neno la mfanyakazi na daftari lake dogo la saa. Waajiri waaminifu, nao wapo, wana kila sababu ya kutoa hati: ndiyo risiti yao kwamba wamelipa.

Wala gharama haiwezi kuwa kisingizio. Mwenye duka mjini Nachingwea hahitaji kompyuta. Kitabu cha nakala chenye karatasi ya kaboni kinatosha, almuradi kila ukurasa uwe na jina la mwajiri na la mfanyakazi, kipindi cha malipo, mshahara wa msingi, saa za ziada na kiwango chake, posho, kila kato kwa jina lake, kiasi anachopokea na tarehe. Nakala moja huenda kwenye bahasha, nyingine hubaki kitabuni kwa miaka mitano.

Anayelipwa bila hati Nachingwea au Ruangwa anaweza kuanza mwezi huu. Aandike saa zake kila siku kwenye daftari lake mwenyewe, ahifadhi kila ujumbe wa malipo, aombe NSSF taarifa ya michango yake, kisha amwandikie mwajiri barua fupi ya kuomba hati na abaki na nakala yenye tarehe. Wafanyakazi wa sehemu moja wakiandika pamoja, hakuna anayebaki peke yake. Isipojibiwa, barua hiyo pamoja na daftari ndivyo vya kumpelekea afisa kazi wa mkoa. Ofisi hiyo nayo ifunge safari ya kuja huku Oktoba, maghala yakiwa wazi na watu wakiwa kazini.